Yaliyonikuta Uwanja wa Gofu wa Muthaiga

Mazungumzo ya mjumbe wa kamati ya fedha katika hafla ya kuchangia ukamilishaji wa bweni la wasichana, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa chama chetu, wazee wetu mliosafiri usiku kucha kutoka Kilwa, watani zangu wa Lindi mjini ambao mmewahi viti vya mbele kwa sababu mmesikia kuna pweza, kina mama, kina baba, vijana wetu.

Mwenyekiti aliponiomba nizungumze leo, aliniambia nisome taarifa ya fedha. Taarifa hiyo mnayo, ipo kwenye kurasa za katikati za kijitabu hiki, na imekaguliwa. Mimi nimeomba dakika chache nizungumze juu ya jambo lingine. Nataka kuwaeleza nilivyokwenda kucheza gofu Nairobi.

Naona wazee mnatazamana. Najua mnachofikiri: mtoto wa mvuvi na mkulima wa ufuta, gofu kaitoa wapi? Nivumilieni. Habari hii inahusu lile bweni na inawahusu ninyi, na zaidi ya yote inanihusu mimi mwenyewe.

Wengi wetu tunaoishi hapa Dar tumepita Barabara ya Ghana tukauona uwanja wa Gymkhana. Unaona majani mabichi, miti, na watu wawili watatu wanatembea taratibu huku mmoja kabeba mkoba mrefu. Mimi nilipita pembeni ya uwanja ule miaka mingi, tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo. Nilifika mjini hapa kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, siku zile ambazo mtu wa kwetu aliweza kulala Rufiji akisubiri pantoni. Nikiona wale watu na fimbo zao nilikuwa nasema moyoni: hawa hawana kazi ya kufanya.

Nilipofika miaka arobaini nikagundua kwamba wateja wangu wa uhasibu wanafanya kazi nyingi sana wakiwa wameshika fimbo hizo hizo. Mwaka 2023 nikanunua fimbo zilizotumika, nikatafuta mwalimu, nikaanza kujifunza. Nitarudi kwenye bei ya fimbo hizo, kwa hiyo ishikeni.

Agosti 2024 nilikuwa Nairobi kwa mafunzo ya wahasibu. Mwenyeji wetu mmoja, mzee mstaafu katika taaluma yetu, ni mwanachama wa Muthaiga Golf Club. Huko huingii kama unavyoingia sokoni. Uwanja ni wa wanachama, na mgeni huingia na mwenyeji wake. Shati liwe na kola na lichomekwe. Mzee yule akaniambia, "Kesho asubuhi njoo tucheze, nimeshakuandikisha."

Muthaiga ipo upande wa Barabara ya Kiambu, jirani na msitu wa Karura, ule ambao Profesa Wangari Maathai aliupigania hadi akapigwa na kuumizwa Januari 1999 ili usigawiwe kwa wajenzi wa majumba. Jina la Muthaiga katika mambo ya vilabu ni la zamani. Klabu ya walowezi ilifunguliwa pale mkesha wa mwaka mpya wa 1914, na enzi hizo mtu wa rangi yetu aliingia akiwa amebeba sinia au mkoba. Leo wanaocheza ni Wakenya wa kila aina, na mashindano makubwa ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, yamechezwa hapo mara nyingi kuliko uwanja mwingine wowote.

Sasa wale ambao hawajawahi kuona uwanja wa aina ile kwa ndani, niwaeleze. Msifikirie kiwanja kimoja kama cha mpira wa miguu. Fikiria shamba kubwa lenye njia 18, kila njia ina mwanzo wake na mwisho wake, na kati ya njia na njia kuna miti mirefu. Mwisho wa kila njia kuna eneo la majani yaliyokatwa hadi yanafanana na zulia, linaitwa grini, na katikati ya grini kuna kishimo kidogo chenye bendera. Kazi yako ni kuutoa mpira mwanzo wa njia na kuutumbukiza kwenye kishimo kile kwa mikwaju michache iwezekanavyo. Njiani wameweka mabwawa, na wameweka mashimo ya mchanga yanayoitwa banka. Mchezaji hodari anatarajiwa kumaliza mashimo yote 18 ya Muthaiga kwa mikwaju 71. Ukimaliza umetembea zaidi ya saa nne, kilomita nane au zaidi. Kwa hiyo wale wanaosema gofu si mazoezi, waje.

Majani ya huko ni yale yanayoitwa nyasi za Kikuyu, asili yake nyanda hizi hizi za juu za Afrika Mashariki, na siku hizi yamepandwa kwenye viwanja vya gofu hadi Afrika Kusini, Australia na California. Ni mazito, yanaushika mpira kama godoro. Na Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo mpira huruka mbali kuliko huku kwetu pwani. Mtu wa Dar akicheza kule hujiona ameongezeka nguvu ghafla.

Mimi sikuongezeka chochote. Pale mwanzo wa njia ya kwanza kulikuwa na watu wengine wanne wanasubiri zamu, wote wananitazama. Nikainua fimbo, nikashusha kwa nguvu zangu zote, na mpira ukabaki pale pale unanitazama. Nilipiga hewa. Nikamuuliza mwenyeji wangu kwa sauti ndogo, "Mzee, hii nayo inahesabiwa?" Akanijibu, "Ulikusudia kuupiga?" Nikasema ndiyo. "Basi umeupiga. Huo ni mmoja."

Ndugu zangu, shikeni na hilo. Kwenye gofu, nia ya kupiga inahesabiwa kuwa umepiga. Kwenye harambee zetu, nia ya kutoa haiezeki bati.

Niseme sasa juu ya kedi. Kedi ni yule anayekubebea mkoba wa fimbo. Sheria inaruhusu fimbo 14, na mkoba ukijaa ni mzito. Kedi wangu alikuwa mtu mzima, kunizidi umri kidogo, na aliujua uwanja ule kama mvuvi wa Songo Songo anavyoijua miamba. Alikuwa akiniambia mpira utapinda kulia kabla haujapinda. Pamoja na mkoba wangu alibeba kifuko kidogo cha mchanga. Nilipokuwa nikipiga mpira kwenye majani, fimbo mara nyingi ilikuwa inang'oa kipande cha nyasi, kinaruka mbele. Mimi naangalia mpira ulipokwenda, yeye anakwenda kuokota kile kipande, anakirudisha mahali pake, anamwagia mchanga, anakanyaga kidogo. Ndipo tunaondoka.

Baada ya mara tatu mwenyeji wangu akanisogelea. Akasema, "Kazi hiyo ni yako, yeye anakusaidia tu. Umeng'oa wewe, fukia wewe." Akanieleza kwamba ukiingia kwenye banka, ukitoka unachukua reki unasawazisha nyayo zako, ili anayekuja nyuma asiukute mpira wake umelala kwenye shimo la kisigino chako. Mpira ukianguka kwenye grini ukaacha kidonda, unakitengeneza. Hakuna anayekusimamia. Anayekuja nyuma hatakujua jina. Uwanja unabaki mzuri kwa sababu kila mtu anafukia alipong'oa.

Nilikaa kimya njia nzima iliyofuata, kwa sababu niliifikiria shule yetu. Wengi tuliomo ukumbini humu tuling'oa nyasi pale. Tulikalia madawati yale, tukafundishwa na walimu waliokuwa wakilipwa kidogo, tukafaulu, tukapanda basi la Dar. Mpira uliruka vizuri, na wengine uliruka mbali sana, hadi Muscat, hadi London. Lakini pale tulipopigia pamebaki kipara, na mtoto wa leo anaupigia mpira wake juu ya kipara hicho.

Kuna jambo la pili nililolipenda, nalo ni handikapu. Neno hili linaweza kuwatisha, lakini maana yake ni rahisi. Kila mchezaji ana namba yake inayoonyesha uwezo wake, na namba hiyo iko wazi, kila mtu anaiona. Mwenyeji wangu namba yake ilikuwa 14. Mimi nilikuwa na 26. Maana yake, tukimaliza, mimi napunguziwa mikwaju 26 na yeye 14, ndipo tunalinganisha. Hivyo mnyonge anaweza kucheza na hodari bila aibu, na akamshinda kwa haki. Hakuna anayekucheka kwa sababu una 26. Watakucheka, na zaidi ya kukucheka, ukidanganya namba yako ili upunguziwe usichostahili.

Nikajiuliza kwa nini sisi tunaona haya kusema uwezo wetu. Kwenye hafla kama hii, mtu mwenye uwezo wa shilingi elfu hamsini anasikia jirani yake ametaja milioni, naye anasimama anataja milioni. Anapigiwa makofi, anakaa, na kuanzia kesho yake akiona namba ya simu ya katibu hapokei.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Tulikuwa tumeshavuka nusu ya mchezo, na mchezo wenyewe tulikuwa tunauchezea soda. Kwenye njia moja mpira wangu wa kwanza ulikwenda kulia, ukaingia kwenye miti. Mwenyeji wangu wake ulikwenda kushoto, akaenda kuutafuta na kedi wake. Mimi na kedi wangu tukaingia mitini. Mkwaju wa pili niliupiga, ukagonga shina la mti, ukarudi ukapita karibu na goti langu. Wa tatu ukatoka nje ya miti. Wa nne ukaingia kwenye banka. Wa tano ukabaki mchangani, ulisogea kama hatua moja. Wa sita ukafika grini. Wa saba, kwa bahati ya Mungu, ukaingia kutoka mbali, na watu wa njia ya jirani wakanipigia makofi.

Kwenye gofu huandiki kadi yako mwenyewe. Mwenzako ndiye anayeishika kadi yako, na wewe unaishika yake. Mwishoni mnalinganisha, mnatia saini wote wawili. Kwa hiyo mwenyeji wangu akatoa penseli akaniuliza, "Ngapi?"

Nikasema, "Tano."

Ule uliogonga mti hakuna aliyeuona. Ule wa mchangani hakuna aliyeuona. Makofi yale yalikuwa bado masikioni, na tano inapendeza kuliko saba. Kwenye ushindi wa soda sikuwa na cha kupata. Nilisema tano tu.

Yule mzee hakuandika. Alisimama na penseli yake. Kedi wangu alikuwa amepiga goti anafunga kamba ya mkoba. Akasema taratibu, bila kuniangalia, "Bosi, mimi nilihesabu saba."

Jamani, mimi nimefanya kazi ya hesabu zaidi ya miaka 20. Nimekaa mbele ya wakaguzi. Nimewaambia mameneja wakubwa kwamba namba zao hazikubali. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona siku ile, mbele ya mtu niliyemlipa anibebee mkoba. Nikasema, "Kweli, ni saba. Nilisahau." Mzee akaandika saba. Hakunisema. Tulipokuwa tunatembea kwenda njia inayofuata akaniambia neno moja tu: "Ya kwangu unaishika wewe, ujue."

Kulikuwa na mchezaji mashuhuri wa Argentina, Roberto De Vicenzo. Mwaka 1968, kwenye mashindano ya Masters kule Marekani, alipiga mikwaju mitatu kwenye shimo la 17, na dunia nzima iliona kwenye televisheni. Mwenzake aliyeshika kadi akakosea, akaandika minne. De Vicenzo akatia saini bila kuangalia vizuri. Kwa sheria ya gofu, ukitia saini namba kubwa kuliko uliyopiga, hiyo kubwa inabaki kuwa yako. Ukitia saini namba ndogo, unatolewa kwenye mashindano. Alikosa kwa mkwaju mmoja ule nafasi ya kurudiana na Bob Goalby, ambaye ndiye aliyechukua ubingwa. Kosa la mtu mwema, na saini ikabaki saini. Sasa linganisheni na mimi, ambaye sikukosea. Nilisema tano nikijua ni saba.

Usiku ule hotelini sikulala. Na si kwa sababu ya gofu.

Mwaka 2022, kwenye hafla kama hii, nilisimama nikaahidi shilingi milioni moja kwa ajili ya kuezeka bweni. Mlinipigia makofi, na mzee mmoja aliyepo hapa leo aliniombea dua. Mwaka 2023 kamati ilinipa kazi ya kuandaa orodha ya ambao hawajatimiza ahadi, kwa kuwa mimi ni mhasibu. Niliiandaa vizuri sana, kwa mpangilio wa majina, tarehe na viwango. Tulikuta kati ya kila shilingi kumi zilizoahidiwa, shilingi nne hazijafika. Orodha ile ilisomwa kwenye mkutano. Wapo waliosikitika kusikia majina yao, wapo waliokasirika.

Jina langu halikuwemo. Sikuwa nimelipa hata senti. Niliandaa orodha ya wadaiwa mimi mwenyewe, nikajiruka. Nilijiambia nitalipa mwisho wa mwezi, kwa hiyo hakuna haja ya kujiandika. Na mwaka huo huo ndio niliponunua fimbo za gofu. Mliniwekea bei yake? Fimbo, viatu na ada ya mwalimu vilifika milioni moja na laki mbili.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikatufikia. Mnakumbuka, barabara yetu ilikatika, magari yalikwama siku kadhaa na watu ndani. Bweni lilikuwa limefika kwenye linta, kenchi hazijapanda, bati hakuna. Kuta zilikaa wazi mbinguni zikanywa mvua ya siku ile, na ukuta mmoja wa upande wa choo ukaanguka. Mwalimu alituma picha kwenye simu zetu. Mimi nilijibu, "Poleni sana, tutalifanyia kazi." Kisha nikaenda zangu mazoezini.

Siwezi kuwaambia kwamba milioni yangu ingeuzuia ukuta ule. Lakini najua mabati mangapi yananunuliwa kwa milioni moja, kwa sababu mimi ndiye niliyeandaa makisio.

Kwa hiyo usiku ule Nairobi niliona wazi kwamba ile tano haikuwa ya kwanza. Nilikuwa nimeshaisema mwaka mzima kabla, kwenye karatasi yenye nembo ya chama, na hapakuwa na kedi wa kusema "Bosi, nilihesabu saba."

Niliporudi Dar nilimpigia Mwenyekiti nikamweleza. Aliguna, akanyamaza kwa muda, halafu akaniuliza, "Sasa unataka tufanye nini?" Nikalipa ile milioni, na nikaongeza laki mbili, bei kamili ya mchezo wangu. Nikaomba kwenye mkutano uliofuata nisimame niseme mwenyewe. Nilisema. Wale niliowasoma majina niliwaomba radhi, na leo nawaomba tena. Baada ya siku ile, jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba watu saba walikuja mmoja mmoja, bila kuandikiwa barua, wakalipa ahadi zao za nyuma. Ukuta umejengwa upya. Kenchi zimenunuliwa, zipo stoo ya shule. Kinachobaki ni bati, dari, vitanda na mfumo wa maji, na ndicho kilichotukutanisha leo.

Jambo moja la mwisho kuhusu vilabu vile vya zamani. Tukiviona tunadhani vimedumu miaka mia kwa sababu ya matajiri. Matajiri wapo, lakini tajiri mmoja hawezi kukata majani ya njia 18 kila siku kwa miaka mia. Vimedumu kwa sababu kila mwanachama analipa ada yake kila mwaka, hesabu zinakaguliwa na kusomwa, na asiyelipa jina lake linabandikwa ubaoni, awe nani. Uwanja wa gofu usipokatwa wiki mbili tu unaanza kurudi kuwa msitu. Na bweni ni hivyo hivyo: tukishaliezeka, kuna rangi, kuna vitasa, kuna koki za maji, kila mwaka.

Wakulima wa kwetu wanalijua hili kuliko mimi. Mnajua kangomba. Mnajua mtu anapokuja kununua ufuta au korosho zako kwa kipimo chake mwenyewe, kajipimia mwenyewe, kajiandikia mwenyewe. Ndiyo maana tukataka mizani iliyo wazi ghalani. Mimi nilikipima changu kwa kangomba. Chama hakiwezi kwenda hivyo.

Kwa hiyo kamati imekubali utaratibu ambao tunauanza leo. Ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki una kadi ya ahadi. Ina sehemu tatu. Kwanza, andika kiasi unachoweza kweli, handikapu yako. Ikiwa ni elfu kumi, andika elfu kumi, na hakuna atakayeisoma kwenye kipaza sauti. Pili, andika tarehe. Tatu, na hili ndilo jipya: usiondoke na kadi yako. Mpe mwenzako wa kwenye meza akushikie, na wewe ushike ya mwingine. Atakukumbusha kwa upole, na siku ukilipa mtatia saini wote wawili. Hata kadi ya mweka hazina inashikwa na mtu. Yangu anaishika mama mmoja kutoka Kivinje, anayeuza samaki Feri, na niwaambie, ni heri De Vicenzo.

Na wale mnaojiuliza kama watoto wa shule ya kijijini wana maana yoyote, nimalizie na habari ya mtu aliyeshinda pale pale Muthaiga. Aliitwa Seve Ballesteros, Mhispania, alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha pwani kinachoitwa Pedreña. Karibu na kwao kulikuwa na klabu ya gofu ya wenye nacho. Yeye aliingia kama kedi, lakini kucheza hakuruhusiwa. Kwa hiyo alijifunza ufukweni, juu ya mchanga, kwa fimbo moja kuukuu aliyopewa na kaka yake. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open. Mwaka uliofuata akachukua ubingwa wa Uingereza, na mwaka 1980 akaenda Marekani akachukua Masters. Ufukwe tunao, kutoka Somanga hadi Lindi. Na wasichana wenye akili tunao. Mmoja wao sasa hivi amepanga chumba cha mtaani karibu na shule, na mama yake halali usingizi. Tunachodaiwa ni sehemu salama ya kulala.

Wazee wetu wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zao wenyewe, na sarafu hizo zilibeba jina la sultani aliyezitoa. Ibn Battuta alipofika Kisiwani mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu'l-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba Ijumaa moja, sultani akitoka msikitini, masikini mmoja alimwomba nguo alizovaa. Sultani alirudi ndani, akabadili, akatoka, akampa saa ile ile. Aliyemrithi, anasema Ibn Battuta, alikuwa kinyume: mwombaji akija alijibiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutoa.

Miaka karibu 700 imepita, na sote wawili tunawajua kwa walichofanya siku walipoombwa. Leo tumeombwa sisi. Kadi ziko mezani, kalamu zipo, na mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha risiti.

Wazee wangu, nisameheni kwa niliyoyafanya. Pweza sasa anaweza kuletwa.